Upya wa chakula nchini Japani: matarajio ya mlaji na funzo lake kwa kahawa ya Rwanda

Asubuhi katika mtaa wa Nyakabanda, Wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, mnunuzi huanza kwa swali fupi. Kwa muuza maziwa huuliza: "Ni ya leo?" Kwa muuza sambaza za Ziwa Kivu huuliza: "Ni za leo?" Jibu hupimwa kwa pua, kwa jicho, na zaidi ya yote kwa kumjua anayejibu. Muuzaji aliyekudanganya jana hupati sababu ya kumwamini leo.

Nchini Japani swali la mlaji ni hilo hilo. Tofauti ni kwamba huko jibu hutakiwa kuandikwa: tarehe, mahali chakula kilikotoka, mara nyingine hata jina la mkulima au namba ya ng'ombe. Jambo hili huenda likaonekana kuwa la mbali kwa msomaji wa Kigali, lakini lina uzito kwake. Kahawa inayochumwa katika vilima vya Rwanda hufika Japani, na hukaguliwa kwa kipimo kile kile. Makala haya yanaeleza matarajio hayo yalitoka wapi, yanafanyaje kazi, yanagharimu nini, na yanamhusu vipi mkulima na mlaji wa hapa kwetu.

Upya ni nini?

Kiswahili hakitumii neno moja kwa jambo hili. Tunasema samaki wabichi, mkate wa leo, mboga changa, maziwa freshi. Kinyume chake tunasema chakula kilicholala, kiporo, maziwa yaliyochacha. Maneno hayo yote yanahesabu muda: ni saa ngapi zimepita tangu chakula kilipotoka shambani, ziwani au jikoni.

Wajapani nao huhesabu muda, na wanaanza mapema zaidi. Wana neno shun, lenye maana ya kipindi kifupi cha mwaka ambapo samaki fulani, tunda fulani au mboga fulani huwa katika ubora wake wa juu kabisa. Mlaji hutarajia kukuta dukani kile ambacho msimu wake umefika, na yuko tayari kukilipia zaidi.

Tabia ya kula vyakula vibichi imeongeza ukali wa matarajio hayo. Samaki huliwa bila kupikwa, na vivyo hivyo mayai, yanayovunjwa juu ya wali wa moto. Chakula kisichopita motoni hakina kinga ya pili. Kosa la mvuvi au la mchukuzi humfikia mlaji moja kwa moja. Ndiyo maana baadhi ya wavuvi wa Japani hutumia njia iitwayo ikejime: samaki huuawa papo hapo kwa kuchomwa kwenye ubongo, damu yake hutolewa, kisha hupozwa. Samaki asiyehangaika kabla ya kufa hukawia kulegea na kuharibika. Kwa mayai, tarehe inayoandikwa kwenye kifurushi, ambayo kwa kawaida ni kama wiki mbili tangu kufungashwa, huhesabiwa kwa mtu atakayeyala mabichi. Baada ya tarehe hiyo yai bado linaweza kufaa likipikwa vizuri.

Imani iliyovunjika

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Wajapani wamekuwa na mfumo huu mkali tangu zamani. Sehemu kubwa ya sheria za leo ilizaliwa na maafa na udanganyifu wa miaka michache.

Mwaka 2000, zaidi ya watu 13,000 waliugua baada ya kunywa maziwa ya kampuni kubwa ya Snow Brand katika eneo la Osaka. Uchunguzi ulifuata nyayo hadi kiwanda kingine cha kampuni hiyo katika kisiwa cha Hokkaido. Huko umeme ulikuwa umekatika kwa saa chache, maziwa yakabaki bila kupozwa, na bakteria wakazaliana na kutoa sumu. Maziwa hayo yaligeuzwa kuwa unga, na unga huo ukatumika kutengeneza maziwa mengine Osaka. Joto la kiwandani liliua bakteria, lakini halikuondoa sumu waliyokwisha kuitoa. Funzo hilo tutalirudia tukifika Nyakabanda.

Septemba 2001, Japani ilithibitisha ng'ombe wake wa kwanza mwenye ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Mwaka uliofuata ikafichuka kwamba kampuni tanzu ya Snow Brand ilikuwa imebandika lebo za uongo kwenye nyama ya kutoka nje ili ionekane ya Japani na kupata fidia ya serikali. Mwaka 2007 makampuni kadhaa yenye majina ya heshima yaligundulika kutumia viungo vilivyopitwa na muda au kubadili tarehe. Kila mwisho wa mwaka Wajapani huchagua kwa kura herufi moja inayobeba sura ya mwaka wao. Mwaka 2007 herufi iliyochaguliwa ilikuwa ile yenye maana ya ughushi.

Serikali ililazimika kuijenga upya imani hiyo. Mwaka 2003 ilipitishwa Sheria ya Msingi ya Usalama wa Chakula, na tume huru ya kupima hatari za chakula ikaanzishwa. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kumpa kila ng'ombe namba yenye tarakimu kumi, ambayo mnunuzi wa nyama anaweza kuitumia kujua mnyama alizaliwa wapi na kuchinjwa lini. Mwaka 2009 liliundwa Shirika la Masuala ya Walaji.

Kwa hiyo, nyuma ya mlaji wa Japani anayegeuza kifurushi kusoma lebo kuna kumbukumbu ya kudanganywa. Anataka chakula kitamu, na pamoja na utamu anataka neno la muuzaji linaloweza kuthibitishwa.

Tarehe mbili na theluthi tatu

Chakula kinachofungashwa nchini Japani huwa na moja ya tarehe mbili. Ya kwanza, shohi kigen, huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi, kama vile nyama mbichi na vyakula vilivyopikwa tayari; ikipita, chakula kisiliwe. Ya pili, shomi kigen, huwekwa kwenye vyakula vinavyodumu, kama vile biskuti, tambi na vyakula vya makopo. Inaonyesha muda ambao ladha na ubora vinabaki kama mtengenezaji alivyoahidi. Ikipita, chakula hakijawa sumu.

Tofauti hiyo iko wazi kwenye karatasi, lakini biashara iliongeza ukali wake yenyewe. Tangu miaka ya 1990 ilienea desturi ijulikanayo kama kanuni ya theluthi moja. Tuseme biskuti zina muda wa miezi sita. Mtengenezaji anapaswa kuzifikisha dukani ndani ya miezi miwili ya kwanza. Duka linapaswa kuziuza ndani ya miezi miwili inayofuata. Miezi miwili ya mwisho huachiwa mlaji nyumbani kwake. Bidhaa iliyochelewa hatua moja huweza kurudishwa au kutupwa, ingawa bado ni nzuri kabisa.

Hapo ndipo upande wa pili wa sarafu unapoonekana. Japani huagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 60 ya chakula chake ikipimwa kwa nguvu inayotoa mwilini, na bado kwa mwaka wa fedha 2022 serikali yake ilikadiria kuwa tani milioni 4.72 za chakula kilichokuwa kingali kinafaa zilitupwa. Nusu ilitoka kwenye biashara na nusu majumbani. Kiasi hicho ni nusu tu ya kile kilichotupwa mwaka 2000, na kupungua huko hakukuja kwa bahati. Sheria ya kupunguza upotevu wa chakula ilianza kutumika Oktoba 2019, makampuni yamehimizwa kulegeza kanuni ya theluthi, na tangu mwaka 2021 maduka yamekuwa yakibandika matangazo ya kumwomba mteja achukue bidhaa ya mbele kwenye rafu badala ya kunyoosha mkono nyuma kutafuta yenye tarehe ya mbali.

Mlangoni mwa Japani

Chakula cha kutoka nje hukutana na matarajio haya bandarini. Mei 2006 Japani ilianza kutumia utaratibu mpya wa masalia ya viuatilifu. Kila dawa ina kiwango chake kwa kila zao. Pale ambapo hakuna kiwango kilichowekwa, kikomo cha jumla ni miligramu 0.01 kwa kila kilo. Ili kuona udogo wa kiasi hicho, fikiria gramu moja ya dawa iliyosambaa ndani ya tani 100 za kahawa, mzigo wa malori makubwa yapatayo manne.

Shehena hukaguliwa kwa sampuli. Makosa yakijirudia, serikali inaweza kuamuru kila shehena ya zao hilo kutoka nchi hiyo ipimwe kwa gharama ya mwagizaji, nayo izuiliwe hadi majibu yatoke. Mwagizaji mwenye haraka hutafuta nchi nyingine.

Ethiopia iliyaona hayo mwaka 2008. Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa wa kahawa. Wapimaji walipokuta masalia ya dawa za kale kama vile lindeni na klorodeni yaliyozidi kikomo, biashara hiyo iliporomoka. Wakulima wengi wa Ethiopia hawanyunyizi dawa kwenye kahawa kabisa, hivyo macho yakaelekezwa kwenye magunia yaliyobebea mzigo. Kama shaka hiyo ilikuwa sahihi, basi wakulima waliadhibiwa kwa kosa lililofanyika baada ya kahawa kutoka mikononi mwao.

Tanzania nayo ina mfano wake, wenye furaha zaidi. Nchini Japani, kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ikiwa imetoka Mbeya au Mbinga. Kanuni za biashara za huko zinaruhusu jina hilo kwa arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, na kahawa iliyochanganywa haiwezi kubeba jina hilo bila kuwa na angalau asilimia 30 ya kahawa husika. Jina la mlima limekuwa mtaji wa nchi nzima kwa sababu limewekewa masharti yanayojulikana.

Kahawa ya Rwanda kati ya mdudu na dawa

Wamisionari wa Kijerumani waliileta kahawa Mibirizi, kusini magharibi mwa Rwanda, mnamo mwaka 1904. Kwa karibu karne nzima ilikuwa zao la wingi, lisilo na sifa ya pekee. Mabadiliko yalikuja baada ya mwaka 2000, wakulima wa Maraba, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Huye, walipoanza kuosha kahawa yao kwa pamoja na kuiuza kama kahawa ya hali ya juu. Leo nchi ina zaidi ya vituo 300 vya kuoshea kahawa. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, ambalo kahawa zake bora huuzwa kwa mnada wa intaneti. Wakaangaji wa kahawa wa Japani ni wanunuzi wa kawaida katika minada hiyo. Shirika la maendeleo la Japani, JICA, nalo limefanya kazi na Bodi ya Taifa ya kuendeleza mazao ya kuuza nje, NAEB, kuinua ubora wa kahawa ya Rwanda.

Japani si mnunuzi mkubwa kuliko wote wa kahawa yetu. Lakini anayeweza kumridhisha mnunuzi wa Japani anaweza kumridhisha mnunuzi yeyote, na kazi ya kumridhisha ni mbio za saa. Tunda huchumwa likiwa jekundu. Huchambuliwa kwa mkono na kutiwa majini ili yale mepesi, ambayo mara nyingi yameliwa na wadudu, yaelee na kuondolewa. Humenywa siku ile ile, maana tunda lililolala huanza kuchacha lenyewe. Punje huvundikwa kwa saa kadhaa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja kwa wiki mbili au tatu, huku akina mama wakizigeuza na kuondoa mbovu moja moja, mpaka unyevu ushuke hadi kama asilimia 11 au 12. Baada ya hapo kuna safari ya barabara hadi bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, na wiki nyingi za baharini. Mnunuzi wa Japani hutofautisha kahawa ya mavuno mapya na ile ya mwaka uliopita, na bei hufuata tofauti hiyo.

Katika mbio hizo, Rwanda, kama jirani zake wa Maziwa Makuu, ina adui wa pekee: dosari ya ladha ya kiazi. Punje yenye dosari hiyo hutoa harufu ya maganda ya kiazi kibichi pale inaposagwa. Haidhuru afya, lakini punje moja hutosha kuharibu kikombe kizima, na kwa jicho haionekani baada ya kukaangwa. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapa methali hiyo ni maelezo halisi ya kinachotokea. Dosari hii inahusishwa na antestia, mdudu wa jamii ya kunguni anayetoboa tunda la kahawa na kuacha njia kwa bakteria.

Mkulima anaweza kumwua mdudu huyo kwa dawa. Lakini dawa isiyofaa, au iliyonyunyiziwa karibu na mavuno, huacha masalia, na masalia humgonganisha na kikomo cha bandarini. Akiacha kunyunyizia, ladha ya kiazi inamharibia jina. Akinyunyizia vibaya, maabara inamfungia mlango. Njia iliyopo iko katikati, nayo inadai kazi nyingi: kupogoa mibuni ili mwanga upenye, kuokota wadudu, kuchagua matunda kwa makini, na kutumia dawa zinazovunjika upesi juani kama pareto, ambayo Rwanda yenyewe huilima katika maeneo ya volkano kaskazini.

Kazi hiyo inalipwa na nani? Kila msimu NAEB hutangaza bei ya chini ya kilo ya matunda ya kahawa. Bei hiyo humlinda mkulima dhidi ya walanguzi, lakini mkulima aliyechagua tunda moja moja anastahili zaidi ya bei ya chini. Ubora unaodaiwa na mlaji wa ng'ambo hautadumu ikiwa nyongeza ya bei inaishia kwa mwenye kituo au msafirishaji, na hasara ya shehena iliyokataliwa inateremka mpaka shambani. Chama cha ushirika kinachouza kahawa ya hali ya juu kina haki ya kuuliza iliuzwa kwa kiasi gani, na mwanachama ana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Nyakabanda: yapi ya kuchukua, yapi ya kuacha

Mlaji wa Nyakabanda hahitaji kuwa Mjapani. Kanuni ya theluthi moja ingekuwa balaa katika nchi ambayo chakula kina thamani kubwa katika bajeti ya nyumba. Lakini yapo mambo matatu yanayofaa kuchukuliwa.

La kwanza ni maziwa. Katika vibanda vya maziwa vya Kigali, watu hunywa inshyushyu, yaani maziwa freshi ya moto, au ikivuguto, maziwa ya mgando. Agizo la waziri la mwaka 2016 lilitaka maziwa yapitie kwenye vituo vya kukusanyia, yapimwe, na yasibebwe katika madumu ya plastiki, ambayo mikwaruzo yake huficha bakteria. Vituoni hupimwa uzito wake ili kugundua maji yaliyoongezwa, na huchanganywa na alkoholi kidogo: yakigandamana, yameanza kuharibika. Kumbuka kisa cha Osaka. Kuchemsha huua vijidudu, lakini kuna sumu ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Maziwa yaliyokaa saa nyingi kwenye joto hayatakaswi na sufuria. Muulize muuzaji yalifika saa ngapi na yalipozwa wapi.

La pili ni samaki. Sambaza, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, huvuliwa usiku kwa taa na kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Kigali. Samaki mbichi mzuri ana jicho angavu lililojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Barafu hupunguza kasi ya muda, haiurudishi nyuma. Samaki aliyelegea kabla ya kuwekwa kwenye barafu hatakuwa mpya kwa sababu sasa ni baridi.

La tatu ni kusoma tarehe. Tarehe ya usalama iheshimiwe, hasa kwa nyama, maziwa na chakula cha watoto. Tarehe ya ubora kwenye biskuti au tambi si hukumu ya kifo. Tumia macho na pua kabla ya kutupa. Na tarehe iliyofutwa, iliyobandikwa juu ya nyingine au isiyosomeka ni sababu tosha ya kuacha bidhaa mahali ilipo na kuarifu mamlaka. Nchini Rwanda, usalama wa vyakula vilivyosindikwa uko chini ya Rwanda FDA, na ulinzi wa walaji na ukaguzi wa viwango chini ya RICA.

Wazee hutuambia kuwa chema chajiuza. Katika soko la leo, chema hakijiuzi bila ushahidi. Mkulima wa kahawa anayeandika siku aliyochuma na dawa aliyotumia, na muuza maziwa anayeandika saa ya kupokea na jina la kituo, wote wawili wanafanya kile ambacho mlaji wa Tokyo anakidai na mlaji wa Nyakabanda anakistahili. Daftari la faranga chache linatosha kuanzia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na imani ya mteja ni mali.